Geji ya mafuta ya trekta dogo: tafuta hitilafu kabla ya kununua kifaa

Geji ya mafuta ikiharibika, hasara yake haiishii kwenye geji. Trekta likikaukiwa dizeli katikati ya mabonde ya mpunga ya Cheju au Kibokwa, Unguja, magurudumu yamezama kwenye tope, kumwaga dumu moja la mafuta hakutoshi: upepo umeshaingia kwenye mabomba na lazima utolewe kwanza. Tena huwa kuna ugomvi mwengine, wa mwenye trekta na dereva wake, kuhusu lita zilizokwenda wapi. Mshale uliokuwa nusu asubuhi na ukaanguka E (alama ya tangi tupu; F ni jaa) saa nne si ushahidi kwamba mtu kachota mafuta. Huenda ni skrubu moja tu ya arthi, yaani njia ya umeme kurudi betri, iliyoliwa na kutu.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: usinunue floti (kifaa cha ndani ya tangi kinachopima mafuta) wala geji mpya mpaka umefanya jaribio la waya mmoja lililoelezwa hapa chini. Linachukua kama robo saa, na visiwani kwetu, ambako upepo wa bahari hupeleka chumvi hadi ndani ya banda la trekta, kifaa kinacholaumiwa mara nyingi ni kizima.

Maelezo haya ni ya matrekta madogo ya dizeli, yenye umeme wa volti 12 na geji ya mshale, yakiwemo yale yaliyotumika Japani yakaletwa huku. Baadhi ya matrekta ya zamani hayana geji ya umeme kabisa. Yana kijibomba cheupe cha mpira pembeni mwa tangi kinachoonyesha usawa wa mafuta, na dawa ya hicho ni kukisafisha au kukibadilisha. Wenye pawatila nao wamesalimika, kwani hufungua kifuniko wakachungulia.

Umeme unapopita

Ifuate njia ya umeme kwa kidole kabla ya kushika spana. Unatoka betri, unapita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, unaingia nyuma ya geji. Ukitoka hapo unashuka kwa waya mmoja hadi juu ya tangi, unapita ndani ya floti, kisha unarudi betri kwa njia ya arthi, yaani bodi ya trekta au waya uliofungwa kwenye bodi.

Floti ina mkono mwembamba wa chuma wenye boya mwishoni. Upande wa pili wa mkono kuna kiguso kidogo kinachosugua juu ya waya mwembamba wa ukinzani, yaani unaozuia umeme kwa kiasi. Boya likipanda au kushuka, ukinzani hubadilika, na geji husoma ukinzani huo tu. Haijui kama tangini mna dizeli au mna hewa. Kutu kwenye tamino (kichwa cha chuma cha waya), maji ndani ya soketi, waya uliogugunwa na panya, vyote hivyo kwake ni mafuta yaliyopanda au yaliyoshuka.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu floti zote hazihesabu namna moja. Kwenye matrekta mengi madogo ya Kubota, tangi likijaa floti huwa na omu (kipimo cha ukinzani) 1 hadi 5, na likiwa tupu omu 103 hadi 117. Mfumo wa Kimarekani unaotumika sana ni omu 33 tangi likijaa na 240 likiwa tupu. Ule wa Kiulaya umegeuka: omu 10 likiwa tupu, 180 likijaa. Upo pia wa omu 0 tupu hadi 90 jaa. Maana yake, waya wa floti ukikatika, geji ya Kubota hulala E, lakini ya Kiulaya hupiga F na kupita. Majaribio yote hapa chini yanafuata mfumo ambao ukinzani mdogo ndio tangi jaa. Trekta lako likiwa la mfumo uliogeuka, yageuze majibu.

Vya kuwa navyo

Mita ya umeme ya bei rahisi inatosha, ilimradi inapima volti na omu. Ile ya zamani ya mshale ina faida yake, tutaifikia. Uwe na waya wa jaribio wa urefu wa mita 3 wenye kibanio kila upande. Huo ndio utakaofanya kazi kubwa. Tafuta balbu ndogo ya dashibodi, volti 12, wati 3 hadi 5, uiunge nyaya mbili. Vyengine ni brashi ya waya, msasa laini, dawa ya kunyunyiza ya kusafishia soketi, vaselini, matamino machache mapya ya duara, spana za 8, 10 na 12, bisibisi, na dumu la lita 5 unaloliamini kipimo chake.

Mshale unavyosema

Geji ya mafuta na ile ya joto la injini zikifa pamoja, tangi halihusiki. Tazama fyuzi, kisha arthi ya dashibodi. Zote mbili zikisoma juu kupita kiasi, kwenye matrekta ya zamani yenye kifaa cha kusawazisha volti nyuma ya dashibodi, kifaa hicho ndicho cha kushukiwa, au altaneta inachaji kupita kiasi.

Mshale ukilala E siku zote na geji nyengine zinafanya kazi, njia imekatika mahali: waya, soketi, arthi ya floti, au floti yenyewe, ama boya limeingia mafuta likazama. Ukiganda F hata tangi likiwa nusu, waya wa floti umechubuka na unagusa bodi kabla ya kufika tangini.

Mshale unaosoma vizuri tangi likiwa limejaa, ukianguka ghafla kila mara ukifika nusu, kisha ukarudi mafuta yakipungua zaidi, unaonyesha kovu kwenye waya wa ukinzani, pale kiguso kinaposugua mara nyingi zaidi. Mshale usiofika F hata dizeli ikimwagika mdomoni mwa tangi ni arthi mbovu mpaka ithibitike vyengine. Fanya hesabu kidogo: kutu yenye omu 50 kwenye skrubu ya arthi, ikiongezwa juu ya omu 3 za tangi lililojaa, geji ya Kubota itaonyesha karibu nusu.

Dalili moja ni ya thamani sana na haigharimu chochote. Washa taa za mbele usiku au jioni huku unautazama mshale. Ukisogea taa zinapowaka, arthi ya dashibodi ina kasoro, na umeme wa taa unatafuta njia ya kurudi kupitia geji.

Usimhukumu mshale haraka. Zipo geji za sumaku ambazo hujibu papo hapo na hutikisika trekta likipita kwenye matuta, hilo ni la kawaida. Zipo geji za joto, za bamba linalopinda likipata moto, ambazo huchukua dakika moja hadi mbili kufika mahali pake. Mtu akifungua ufunguo, akatazama kwa nukta chache na akauzima, hakupima kitu.

Fyuzi na betri kwanza

Betri iliyotulia ipime: volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikiunguruma ifike kati ya 13.8 na 14.4. Vidole vya betri, yaani nguzo zake, vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vioshe kwa maji ya moto, vikaushe na uvibane.

Fyuzi itolewe, isitazamwe tu mahali pake. Miguu yake huota kutu ya kijani ilhali uzi wa katikati bado mzima. Ipime kwa omu, safisha meno ya kisanduku, na uirudishe yenye ampea zile zile zilizoandikwa kwenye kifuniko. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au uzi wa shaba uliozungushiwa fyuzi iliyoungua umechoma nyaya za matrekta mengi. Fyuzi mpya ikiungua tena, waya umegusa bodi; utafute waya huo.

Jaribio la waya mmoja

Trekta liwe mahali tambarare, breki ya mkono imefungwa, injini imezimwa. Nenda juu ya tangi utafute soketi ya floti. Kwenye matrekta mengi iko chini ya kiti, au chini ya bati dogo nyuma ya dashibodi. Safisha vumbi na tope kwanza, kisha vuta soketi kwa kushika plastiki yake, si nyaya.

Ikiwa kuna nyaya mbili, mmoja ni wa kwenda kwenye geji na mwengine, mara nyingi mweusi, ni wa arthi. Ikiwa ni mmoja tu, arthi inapitia mwili wa tangi na skrubu zake.

Fungua ufunguo bila ya kuwasha injini. Soketi ikiwa imeachwa wazi, mshale ushuke E. Sasa unga waya wa geji na bodi safi ya trekta kupitia ile balbu ndogo, ukitumia waya wako wa mita 3 kuufikisha mbali na mdomo wa tangi. Mshale upande kuelekea F. Subiri dakika mbili ukiwa hujui geji yako ni ya aina gani, lakini usiuache muda mrefu ukiwa umegonga mwisho. Balbu isipowaka usishituke, umeme unaopita hapo ni mdogo. Imewekwa ili kuzuia hasara iwapo fundi aliyepita aliunga waya ule na volti 12 moja kwa moja. Na wewe usiupe waya wa floti volti 12 kwa hali yoyote. Utaunguza waya wa ukinzani, na juu ya tangi hapana haja ya cheche.

Majibu yasomwe hivi. Mshale ukishuka na kupanda ipasavyo, geji ni nzima, fyuzi ni nzima, waya mrefu ni mzima. Kosa liko kwenye floti au arthi yake, na fedha ya geji mpya imeshabaki mfukoni. Mshale ukikataa kupanda, rudia jaribio lile lile nyuma ya geji, kwenye nati ya waya wa floti. Ukipanda hapo, waya kati ya geji na tangi umekatika. Usipopanda hata hapo, pima kama geji inapata volti 12 na kama arthi ya dashibodi ipo. Vyote vikiwepo, geji imekufa kweli.

Mshale ulioganda F soketi ikiwa wazi, ng'oa waya wa floti nyuma ya geji. Ukianguka, waya unagusa bodi njiani. Usipoanguka, geji imekwama.

Arthi, tena arthi

Kabla ya kufungua chochote, rudisha soketi ya floti. Chukua waya wa mita 3, kibanio kimoja kwenye nguzo hasi ya betri, chengine kwenye arthi ya floti: kile kijitamino cha waya mweusi, au mwili wa floti wenyewe kama tangi ni la chuma. Fungua ufunguo. Mshale ukiamka, umemaliza kutafuta.

Kwa mita, fanya hivi. Funga ufunguo, chomoa waya wa geji. Gusanisha ncha mbili za mita kwanza uone zenyewe zina omu ngapi, utoe kiasi hicho kwenye jibu. Weka ncha moja kwenye arthi ya floti na nyengine kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe. Jibu liwe chini ya omu 1. Usiweke ncha ya pili kwenye boliti iliyo karibu na tangi ukaridhika, kwa sababu boliti hiyo nayo pengine haina arthi.

Arthi za huku huharibika kwa njia zinazojulikana. Trekta lililovushwa kwenda Pemba juu ya sitaha hurushiwa maji ya chumvi safari nzima. Lioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo linapoteremshwa Mkoani au Wete, na soketi zikaushwe. Trekta lililopakwa rangi upya lina arthi zilizofunikwa rangi, na linaweza kufanya kazi miezi kadhaa kabla kutu haijaingia kwenye kimwanya kilichobaki. Tangi la chuma lililobadilishwa gaskiti kisha skrubu zake zikapakwa gundi ya gaskiti hupoteza arthi kwa ufundi huo huo. Na kuosha kwa pampu ya nguvu baada ya kuburuga (kuvuruga tope la shamba la mpunga), maji yakielekezwa moja kwa moja kwenye dashibodi na chini ya kiti, huingiza matope ndani ya soketi. Sehemu hizo zifutwe kwa kitambaa.

Kuitengeneza ni kazi ya mikono tu. Fungua boliti ya arthi, kwangua bodi mpaka chuma king'ae kwa upana wa sarafu, piga msasa pande zote mbili za tamino, funga ukaze, ndipo upake vaselini juu. Vaselini ikitangulia chini ya tamino haisaidii. Waya ukiwa mweusi ndani ya ganda, ukate kidogo kidogo hadi uone shaba inayong'aa. Kama haionekani hata baada ya shubiri moja, badilisha waya mzima. Kuunga tamino jipya kwenye shaba nyeusi ni kuahirisha kazi.

Tangi la chuma lisilo na waya wa arthi, liongezee mmoja: kutoka skrubu ya floti hadi bodi safi, waya wa milimita mraba 1 hadi 1.5. Hauna madhara na utakupumzisha miaka.

Soketi na waya mrefu

Tazama panapopinda usukani, panapopita karibu na bomba la moshi, na chini ya kiti ambako panya hujenga wakati trekta limelala kati ya vuli na masika. Pima waya ncha mpaka ncha huku mtu anautikisa. Omu zikirukaruka, kuna uzi uliokatika ndani ya ganda zima. Meno ya soketi yaliyolegea yabanwe kidogo kwa sindano nene. Maungio yalehemiwe kwa risasi kisha yafunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake hufunguka kwa fukuto la kaskazi na hukusanya maji.

Kuitoa floti

Fika hapa tu kama jaribio la waya limekuelekeza hapa na arthi ni nzuri.

Mafuta yawe chini ya nusu. Chomoa nguzo hasi ya betri. Dizeli haishiki moto kwa wepesi wa petroli, mvuke wake huanza kuwaka penye joto la zaidi ya nyuzi 52, lakini bati la tangi lililopigwa na jua la mchana hupata moto sana. Fanya kazi asubuhi, kivulini, bila sigara. Piga brashi na upepo kuzunguka floti mpaka pawe safi, kwa sababu mchanga utakaoanguka ndani utaishia kwenye chujio. Weka alama kwa msumari kwenye kifuniko na tangi, ili floti irudi ilivyokuwa. Zile za skrubu 5 mara nyingi hukaa upande mmoja tu, matundu yake hayalingani kwa makusudi.

Itoe kwa kuinamisha taratibu, usiuvute mkono. Ukipinda hapa, utarudisha floti nzima inayosoma uongo.

Litikise boya karibu na sikio. Likisikika majimaji, limetoboka. Lile la shaba nyeupe au njano linaweza kuzibwa kwa risasi, lakini kwanza mafuta yote yatoke ndani na mvuke uishe, na tumia chuma cha kulehemu, si moto wa wazi. Boya lililofungwa lenye mvuke wa mafuta hupasuka. Boya la plastiki lililoingia mafuta halitengenezeki. Boya la sponji gumu likinyonya dizeli huwa zito na huelea nusu mwili, na geji husoma pungufu daima.

Sasa unga mita kwenye floti, mkono ukiwa chini, na uinue pole pole hadi juu. Hapa ndipo mita ya mshale inapoishinda ya tarakimu: mshale utakuonyesha mruko wa nukta moja ambao tarakimu zingeuficha. Kwa Kubota tarajia kutoka kama 110 hadi karibu 3, bila kuruka. Ukikuta mahali omu zinapotea kabisa, nyunyiza dawa ya soketi, chezesha mkono mara ishirini, pima tena. Uchafu mweusi hufutika kwa pamba na spiriti. Msasa usiguse waya wa ukinzani, ni mwembamba kama unywele na msasa huumaliza. Kiguso kilicholegea unaweza kukikunja kidogo ili kisukume zaidi. Uzi uliokatika hauna dawa isipokuwa floti nyengine.

Tangi likiwa limefunguka, chungulia chini ndani yake. Maji hukusanyika chini kwa sababu tangi lililoachwa tupu usiku hutengeneza umande ndani, na mkono wa floti huoza kuanzia hapo. Utelezi mweusi unaonuka unaonyesha vijidudu vinavyoishi kati ya maji na dizeli. Mwaga, osha, badilisha chujio. Jaza tangi jioni baada ya kazi, si asubuhi, na umande utapungua.

Rudisha floti kwa gaskiti mpya ya mpira unaostahimili dizeli. Kipande cha tyubu ya baiskeli huvimba baada ya muda na kuanza kuvuja. Skrubu zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo.

Geji yenyewe

Kama geji ndiyo mbovu, ifungue dashibodi na utazame kwanza nati za nyuma na bamba la shaba linalosambaza umeme. Kutu hapo ni ya kawaida na husafishika. Dashibodi za skrini zenye vipande badala ya mshale husoma ukinzani vile vile, lakini huweza kuonyesha alama ya hitilafu ukiunga waya na bodi, na kompyuta yake isichezewe kwa balbu. Pima floti kwa mita tu, na ikiwa nzima, mpelekee mwenye ujuzi wa dashibodi hizo.

Ukinunua

Nenda Darajani, Mwanakwerekwe au Gerezani ya Dar es Salaam ukiwa na floti ya zamani mkononi, na mita mfukoni. Pima mbele ya muuzaji: omu mkono ukiwa chini, omu ukiwa juu. Pima urefu kutoka kifuniko hadi boya, na idadi na nafasi za matundu. Floti ya gari yenye mkono mrefu sawa lakini ya omu 10 hadi 180, ikiungwa na geji ya Kubota, itaonyesha karibu F tangi likiwa tupu. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na geji.

Kuipima kwa lita

Geji iliyotengenezwa isiaminiwe mpaka imepimwa. Acha trekta tambarare, tangi likiwa limekaushwa. Mimina lita 5, tikisa, fungua ufunguo, subiri, andika mshale ulipo. Endelea lita 5 hadi lijae. Matangi ya matrekta haya kwa kawaida hubeba kati ya lita 20 na 45. Utagundua kwamba nusu ya mshale si nusu ya lita, maana matangi mengi ni membamba chini, na mshale hukimbia zaidi kuanzia nusu kwenda E. Hiyo si hitilafu. Dereva aambiwe.

Mshale ufike E huku zimebaki kama lita 4, ili pampu isivute upepo wala takataka za chini. Ukisoma E huku bado zimo lita 10, kunja mkono ili boya likae chini zaidi; ukisoma juu kuliko ukweli, likunje kwenda juu. Shika mkono kwa koleo karibu na kiungo kisiumie, kunja milimita 5, jaribu tena. Hakikisha boya haligusi bomba la kufyonzea wala ukuta wa tangi.

Wakati unamimina, tengeneza na kijiti cha kupimia. Chukua mti mgumu mkavu, au fimbo nyembamba ya aluminiamu, toa kwanza chujio la mdomoni kijiti kifike chini kabisa, na ukate alama kwa kisu kila lita 5. Usitumie chelewa: huvunjika na kipande kikabaki tangini. Kijiti hiki ndicho hakimu. Trekta la nguvu za farasi 30 likiburuga hula takriban lita 4 hadi 6 kwa saa. Soma mita ya saa za kazi za injini asubuhi na jioni, linganisha na kijiti. Kijiti na geji zikikubaliana na saa zikakataa, tazama chini ya tangi kama panavuja, na baada ya hapo mazungumzo na dereva yatakuwa na msingi.

Ukikwama kabla hujaitengeneza

Mimina angalau lita 5. Fungua bilula ya mafuta, legeza skrubu ya juu ya chujio, acha mafuta yatoke mpaka mapovu yaishe, kaza. Trekta lenye pampu ya umeme, fungua ufunguo kwa nusu dakika bila ya kustati. Lenye kipini cha mkono, pampu mpaka kipini kiwe kigumu. Rudia kwenye skrubu ya pampu kubwa kama ipo. Stati kwa nukta 10, pumzisha nusu dakika, rudia. Likigoma, legeza nati za mabomba ya nozeli robo mzunguko, stati mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza moja moja. Weka mikono na uso mbali na mabomba hayo. Dizeli ya nozeli hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi.